Nililikashifu Dera la Sadaka

Nimekosa mimi, na sina wa kumsingizia. Naandika hapa kwa sababu nyumbani kwangu hakuna wa kumwambia. Mume alishafariki, mtoto Mungu hakunijalia. Nilibaki na mtu mmoja tu hapa Kibiti, shoga yangu tangu usichana, na nimempoteza kwa mdomo wangu. Kwa ajili ya dera!

Mimi kwa kupatana bei najulikana. Mnadani wauza mitumba wakiniona wanacheka: "Bi mkubwa kaja, leo hatuli!" Naitoa nguo kasoro mpaka muuzaji mwenyewe aione takataka. Nilikuwa naona raha, jamani.

Sasa akina mama wa msikitini kwetu huuza nguo wanazopewa na watu, pesa zinanunua sanda za maiti wasio na ndugu. Msimamizi ni shoga yangu huyo. Bei yao ni ndogo na haipunguzwi. Kila mtu anajua. Hata mimi nilijua!

Ijumaa moja nilikuwa nimetoka Mbwara, shambani, nilikokaa muda mrefu kwa ajili ya mpunga. Nikaliona dera la zambarau, nikalipenda. Shoga yangu akanitajia bei huku kalishikilia, haliachii. Nikadhani ananitega, maana wauzaji ndivyo wafanyavyo wakijua umependa kitu.

"Punguza basi."

"Hilo halipungui, shoga."

"Halipungui kwa lipi? Hebu tazama kwapa lilivyopauka! Mwenyewe alikuwa jasho tupu huyo. Weye utamuuzia nani uchafu huu?"

Nilisema kwa sauti, ili wenzangu wacheke. Hakucheka mtu.

Shoga yangu akalikunja taratibu, akalitia kwenye mfuko, akanipa. "La Rehema hilo," akasema. "Arobaini yake tumesoma juzi. Chukua tu, nimekupa."

Rehema alikuwa binti yake wa pekee. Msibani nilikuwepo, nililia nao, kisha nikarudi shamba na arobaini sikuja. Aliuawa na homa. Lile jasho nililolifanyia mzaha lilikuwa la ugonjwa. Ee Mola wangu, ningepata wapi pa kujificha!

Nimekwenda kwake kuomba radhi. Kasema kanisamehe. Salamu anaitikia, lakini haniambii nikae, na kwangu haji tena. Jioni napika wali kidogo, nakula peke yangu na redio.

Tuliahidiana zamani, atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha. Naogopa hata kumuuliza kama ahadi ile bado ipo. Siku hizi nikiumwa kichwa tu nalia, nawaza nitaoshwa na nani.

Nyie wenzangu mnaojisifu kwa kupatana bei, nawaomba sana. Ukikuta nguo za sadaka, toa ulichoambiwa. Ukiona ghali, iache, nenda zako. Lakini usiitukane nguo ya mtu, hujui nani aliivaa mwisho, wala mama yake kasimama wapi.