Tone la Damu ya Enoka

Msimu ule wa pamba wa mwaka 1975, Enoka hakutulia. Akiketi, moyo ulimdunda. Akishika jembe, tuta la pili halikwisha kabla dunia haijamzunguka akaketi tena. Kule alikoishi kabla ya kuhamishwa alikuwa akilima na maksai tangu alfajiri bila kushika kiuno. Sasa, katika kijiji hiki cha ujamaa karibu na Bunda, amekuwa gumzo. Mwenyekiti Keraryo alishamwita kupe mbele ya watu, na Jumamosi mkutano ungeamua kama familia yake ipate fungu la mavuno au ikose. Enoka alikwenda Butiama kwa shemeji yake kukimbia maneno, akarudi siku ileile. Huko nako hakukalika.

Wegesa, mkewe, alilima sehemu yake na ya mume, kimya kimya. Kimya hicho kilimuuma Enoka kuliko matusi.

Ijumaa asubuhi akajikokota hadi zahanati. Silasi, dresa aliyetibu wagonjwa hapo, alimchoma kidole, akadondosha tone kwenye karatasi ya kunyonya wino, akaenda nalo dirishani kulilinganisha na kadi yenye wekundu wa kila aina, uliokolea hadi uliofifia.

"Arobaini, mzee."

"Kwani arobaini si kufaulu?"

"Mtu mzima wa afya anakaribia mia. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa mwilini. Zako zimepungua, ndiyo maana moyo unakimbia hovyo. Nadhani ni safura, minyoo inayonyonya damu tumboni. Meza dawa hizi, uvae viatu, maana huingilia nyayoni."

Enoka nusura acheke kwa furaha. Si mvivu! Akaomba ile karatasi, akaondoka kabla Silasi hajamaliza kumwambia kwamba rangi haidumu. Alikwenda shambani akipumzika kila hatua ishirini, karatasi mfukoni, moyo ukimgonga masikioni.

Alipoifunua mbele ya Keraryo, tone lilikuwa limekauka, limekuwa kahawia.

"Hata damu ya kuku inakuwaga hivi," alisema mwenyekiti. Watu wakaangua kicheko.

Enoka alitamani ardhi ipasuke immeze. Ndipo Wegesa alipotupa jembe, akamshika mumewe kidevu, akamvuta kope ya chini, vilevile wanavyomkagua ng'ombe anayekataa majani.

"Mwenyekiti, wewe mfugaji. Njoo uone."

Keraryo akainama. Ndani ya kope palikuwa peupe pe.

"Ng'ombe wa jicho hili, ungemfunga plau?"

Mwenyekiti akavua kofia. "Ningemwacha apumzike," alisema. "Nenda nyumbani, Enoka. Kesho hakuna la kujadili."

Enoka akaketi pale pale kwenye tuta, na safari hii hakuna aliyemwambia ainuke. Wegesa akachuchumaa kando yake.

"Ng'ombe wetu niliwafunua macho kila asubuhi," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe sikukufunua hata siku moja, Baba Nyamburi. Na mimi nilisemaga ni uvivu."