Kitabu Alichochukua Mtani

Binamu yangu Apakuki hajui kusema hapana. Nasema hivyo nikiwa na ushahidi, maana kwake nimekwisha kuchukua redio, mapanga mawili na nguruwe, naye kila mara alinisaidia kubeba. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa na ofisi ya uvuvi ya serikali kazi ya uangalizi kwenye meli ya kigeni inayovua jodari. Kazi yenyewe ni kukaa na wavuvi miezi miwili na kuandika kila kinachotolewa majini, kiko hai au kimekufa, na wamekifanya nini.

Sisi watu wa mkoa wa Cakaudrove papa ni babu yetu. Hatumvui, hatumli, naye hatugusi sisi. Sheria nayo inasema papa akinaswa mshipi ukatwe aende zake. Kwenye meli ile walimpandisha, wakamkata mapezi yote akiwa anapumua, kisha wakamsukuma kwa mguu arudi baharini. Papa asiye na mapezi haogelei. Anazama polepole huku anaona, na Apakuki alisimama pale kila siku akiandika tarehe, saa na mahali, kisha akaenda kula meza moja na waliokata. Angekwenda wapi? Pande zote ni maji.

Siku ya arubaini kitabu alichoandikia papa kilikuwa na sitini na mmoja.

Kapteni hakumtisha. Alikuwa mjanja kuliko hivyo. Alimtuma Sakeasi, serahangi wake, mkuu wa mabaharia, ambaye ni mtu wa kisiwa cha Kadavu. Kijiji chao na chetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wetu akija atakutukana mbele ya wakwe zako, atachukua anachokitaka nyumbani kwako, na wewe utacheka, kwa sababu siku yako nawe itafika. Kumnyima ni aibu ambayo wajukuu wako wataisikia.

Sakeasi alikuja baada ya chakula cha mchana na bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, akakaa mlangoni mwa chumba, akauziba.

"We mla matope, bado hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani chakula? Wewe na tumbo hilo?"

Wakapiga makofi, wakanywa, wakacheka. Bakuli lilipokaribia kwisha, Sakeasi akasema, "Mtani, nimekipenda kitabu chako. Nakichukua."

"Kitabu kipi?"

"Hicho cha papa."

Apakuki akacheka tena, akakuta anacheka peke yake.

"Nina watoto watano," Sakeasi akasema. "Kapteni kaniambia kikifika bandarini, mimi hapa sina kazi. Sasa usinifanye nikubembeleze kama mgeni."

Binamu yangu aliniambia kwamba hapo alisikia chumba kimekuwa kidogo. Kutoka asingeweza bila kuruka magoti ya mwenzake, na hata akitoka ni kwenye sitaha ileile, na watu walewale, siku kumi na tisa zaidi. Akakitoa chini ya mto, akampa. Sakeasi akakitia ndani ya shati, akashukuru kwa makofi matatu, kama inavyotakiwa.

"Si ungeandika kingine?" nilimwuliza, nikiwa nimekasirika kwelikweli.

"Kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi. Kukiandika upya ni kukidai."

Basi wakafika bandarini Suva, akajaza fomu ya ofisi. Penye papa akaandika hakuna, akatia sahihi.

Alirudi kijijini amekonda. Jumamosi ile sote tuliingia baharini kukokota wavu, wanawake kwa wanaume, maji ya kifua. Apakuki alikaa mchangani, akasema ana kidonda mguuni. Mguu niliuona. Haukuwa na kitu.

Wiki iliyofuata ofisi ikamletea barua. Meli imesifiwa kwa uvuvi safi, na kapteni ameomba mwangalizi yuleyule. Aliisoma ukumbini kwetu, mbele ya mama yangu, ambaye ni shangazi yake, mama akiwa anasuka mkeka. Akaiweka barua chini, na ndipo alipotueleza yote, tangu papa wa kwanza mpaka ile sahihi.

Mama hakuacha kusuka.

"Mtani anachukua kilicho chako," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Nguruwe wako, panga lako, mkeka wako."

"Ndiyo."

"Kile kitabu kilikuwa chako?"

Kitabu kilikuwa cha ofisi, na nembo yake juu ya jalada. Sakeasi hakuwa na haki nacho zaidi ya haki ya kuchukua mnara wa kanisa. Angejibiwa kwa mzaha tu, kaombe serikalini, mtani, na asingekuwa na la kusema. Mtu mzima aliyelelewa kijijini hapa, anayeujua utani kuliko mimi, alikosa neno hilo moja. Mimi pia sikuwa nimelifikiria, na hilo liliniuma.

"Sikuwaza," akasema. "Alivyokaa pale mlangoni, Shangazi, sikuwaza kabisa."

Mama akanituma nilete karatasi na kalamu. Apakuki akalala kifudifudi mkekani, akaandika moja, akaandika papa buluu, jike, hai. Akasimamisha kalamu.

"Tarehe siikumbuki. Wala mahali. Wote sitini na mmoja nawaona, hata namna kila mmoja alivyogeuka majini, lakini bila tarehe na mahali ofisini ni hadithi tu. Na watauliza kwa nini nilitia sahihi."

"Watauliza."

"Watanifukuza. Sakeasi naye watamfukuza, na Kadavu watasema nimemuuza mtani."

"Watasema."

"Sasa nianzie wapi?"

"Futa huyo papa," mama akasema. "Anza na jina lako, kisha sahihi uliyotia."