Kobe Amekula Nini

Mume wangu hali mpaka wanyama wawe wamekula. Ni adabu tuliyofunzwa katika chuo cha Kurani tukiwa wadogo: mwenye mnyama humlisha yeye kwanza, ndipo naye anawe mikono. Shida yetu ni kwamba sisi hatuna mnyama. Paka wa mtaa wetu wa Kibokoni ni wa kila mtu. Wanyama anaowataja yeye ni wale wa bustani ya wanyama ya mjini, na bustani ilifungwa.

Wajukuu wangu hawakuiwahi, basi nawaeleza. Haikuwa kubwa. Ukifika mlangoni ulipokewa na harufu kabla ya kitu kingine: mikojo ya kima, majani mabichi, na samaki wa kulisha mamba walioanza kuvunda. Palikuwa na chatu ndani ya kioo ambaye sikumwona akisogea hata mara moja, na watoto wangu walishikilia kwamba ni wa mpira. Na palikuwa na kobe, mkubwa wa kupandwa na mtoto, ingawa mume wangu aliwakataza wetu. "Wewe ungependa mtu akukalie mgongoni wakati unakula?"

Tulikwenda kila Idi pili, na Jumapili nyingi za katikati. Alibeba kapu la maganda ya ndizi na mchicha ulionyauka. Pale ukiwaona Wahindi na watoto wao, jamaa wa bara waliotoka kanisani na viatu vinavyong'aa, na sisi wa Mji wa Kale na mabuibui yetu. Watu ambao hawakupata kuketi baraza moja walisimama bega kwa bega wakimcheka kima mmoja.

Kobe alimjua mume wangu, au labda alilijua kapu. Akituona kwa mbali alianza safari ya kuja, lakini sisi tulifika kwanza. Mume wangu alichuchumaa, akamsomea Bismillahi, akampa jani moja moja.

"Kwani naye Mwislamu?" nilimtania.

"Ni kiumbe. Zaidi ya hapo usiniulize."

Maradhi ya kusahau yalipomwingia, yalianza na vitu vidogo. Leo hakumbuki kazi aliyoifanya bandarini miaka yote ile, na wajukuu huwachanganya. Lakini rakaa hakosei, na mimi bado ananijua. Hayo aliyoachiwa na Mungu ni mengi, nami nayashukuru. Na kumbukumbu ya kobe pia aliachiwa.

Siku moja adhuhuri alisukuma sahani.

"Wamekula?"

"Nani, bwana?"

"Wanyama. Umeniambia bustani imefungwa. Mlango umefungwa, nao wamo ndani. Nani awalisha?"

Asubuhi yake mimi na binti yangu tukapanda tuktuk mpaka pale. Palikuwa pamezungushiwa mabati marefu kumpita mtu. Mlinzi, kijana mpole wa bara, alisimama kwa heshima nilipomsalimu.

"Shikamoo, mama. Mimi niliajiriwa kulinda ukuta tu. Wanyama nilikuta wameshaondoka."

"Wamepelekwa wapi?"

"Wanasema lori lilikuja. Lilikoelekea, mama, sijui."

Nilirudi nikamwambia mume wangu hivyo hivyo.

"Basi hawajala," akasema, akaomba chai.

Chai ndiyo ikawa chakula chake. Nilimbembeleza, nikampikia kila alichokipenda, nikamlisha kwa mkono wangu kama mtoto. Alikifunga kinywa, kwa upole tu, bila ugomvi. Kanzu ikaanza kumpwaya mabegani.

"Mama, mwambie wamekula," binti yangu akasema jikoni. "Atakwenda kuhakikisha?"

"Ni uongo."

"Si wewe uliyetusomesha kwamba mke na mume wana ruhusa yao ya kudanganyana?"

Kweli nilisomesha. Wasichana niliowafunza chuoni walikuwa wakicheka kila tulipofika kwenye hadithi hiyo, wakiuliza kama ruhusa inafika hadi bei ya gauni. Niliwajibu kwamba ni kwa ajili ya amani ya nyumba tu, na isivuke hapo. Sasa nikajiuliza: mtu kufa njaa mbele ya sahani iliyojaa, hiyo ni amani?

Siku ya pili niliandaa wali na samaki wa kupaka.

"Wamekula," nikasema kabla hajauliza.

"Wote?"

"Wote."

"Na kobe?"

"Alikuwa wa kwanza."

"Alhamdulillahi." Akala kama mtu anayefuturu.

Tukaenda hivyo siku kadhaa, na rangi ikamrudi usoni. Kila baada ya swala ya alasiri niliinua mikono nikamwomba Mola ayageuze maneno yangu yawe kweli: popote alipo yule kobe, asikose mkono wa kumpa jani.

Jana aliinua tonge, kisha akauliza, "Alikula nini?"

"Maembe," nikasema. Nikanogewa, nikaongeza: "Alipewa mengi, mpaka yakamchuruzika kidevuni."

Tonge likasimama hewani. "Maembe ya wapi, na miembe haijatia ua?"

Binti yangu alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa mkono. Mume wangu aliyesahau nyumba alimozaliwa hakusahau majira ya maembe. Hakunikasirikia. Alilirudisha tonge kwenye sahani, akalisawazisha na wali uliobaki.

"Mwenzangu, hebu nambie. Wamjua anayemlisha kobe?"

"Simjui."

"Basi tumngojee mpaka ale."

Nami nilikuwa sijala. Nikaichukua kawa, nikazifunika sahani yake na yangu, nikaketi kando yake.