Tulivyopandisha bata wa mwaitu na dume la gredi

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi huwa nasoma nyuzi za wenzangu napita kimya kimya, lakini hii imenikaa kooni miezi sasa. Naandika vile ilivyokuwa, hata pale inaniaibisha mimi mwenyewe. Baba Mwende, mume wangu, akiiona asome tu, maana na yeye yuko ndani ya hii stori mpaka shingoni.

Niko Machakos, upande wa Kola. Kazi yangu ni cherehani. Mifugo ni ya hapa nyumbani tu: mbuzi, kuku, na bata.

Hao bata ndio shida. Kwanza si wangu. Ni wa mwaitu, yaani mama yangu mzazi.

Ni Muscovy, wale wa madoadoa meusi na meupe, uso mwekundu wenye vinundu. Ukitafuta sura nzuri hapo utarudi mikono mitupu. Lakini mwaitu amekuwa nao tangu mimi niko nursery. Wanaatamia wenyewe, wanalea wenyewe, ukame ukija wanabaki.

Sasa, mwaka juzi macho yake yalianza kuziba. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Ikafika mahali anatafuta mayai kwa kupapasa. Dada yangu akamchukua akae naye Thika akitafutiwa matibabu.

Siku ya kuondoka alinikabidhi bata wanne, majike matatu na dume moja. Akaniambia, "Mueni, nikifunguliwa macho, kitu ya kwanza nataka kuona ni bata wangu wamejaa hapa uwanjani."

Wakuu, hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Moja tu! Sikuambiwa nijenge bwawa.

Haikuisha miezi miwili, Baba Mwende akarudi kutoka soko la Katangi na dume la Pekin. Jeupe, limenona, mkia umejikunja kwa juu. Akalishika mbele yangu kama mtu ameleta kombe.

"Mama Mwende, angalia hiyo mwili. Hii ni gredi, mbegu bora ya kisasa. Tupandishe hawa wa mama yako tupate kitu ya maana."

Msinicheke. Huku kwetu hiyo ndiyo akili ya kila mtu. Mbuzi zetu zilikuwa ndogo, tukanunua dume la Galla kwa wafanyabiashara Wasomali pale mjini, watoto wakatoka wakubwa mpaka majirani wakawa wanaleta zao zipandishwe. Ng'ombe ni hivyo hivyo. Kwa hivyo na sisi tukaona bata ni bata.

Bata si bata. Shika hilo neno, litakusaidia.

Madume mawili yakaanza kupigana kila siku. Baba Mwende akasema moja liende, na akachagua la kwenda ni lile la mwaitu, eti lina sura mbaya na halina hata sauti, linafoka tu kama nyoka. Likaliwa Krismasi na ndugu za Baba Mwende. Siwezi kujitoa hapo. Nililinyonyoa mimi, nikalipika mimi, na nikaongeza chumvi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeuliza kwa group ya WhatsApp ya wafugaji. Watu zaidi ya mia. Wakanijaza vidole gumba. Mmoja akaandika, "Go ahead mama, watoto watakuwa wakubwa sana." Na kweli hakudanganya, hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Vifaranga wakatoka kumi na mmoja. Nikajifanya mtaalamu, nikawatoa kwa mama zao nikawaweka kwa katoni na taa ya joto. Nikawawekea karai la maji waogelee, kwa sababu si ni bata? Wawili wakalowa, wakashindwa kutoka, wakafa. Kumbe kifaranga bila mama yake analowa kama pamba.

Na hayo maji jamani! Hapa maji tunayabeba kwa mtungi. Unaweka ya kunywa, dakika tano yamekuwa tope. Unabadilisha, wanaingia na miguu. Katoni inanuka, nguo za wateja zinanuka, na mwenye dume lake ananiuliza mbona chai imechelewa.

Lakini tisa walikua. Aiya, walikua! Miezi mitatu wamewapita mama zao. Nilikuwa napiga picha namtumia dada yangu, naye anamwambia mwaitu, "Wamenona, wamejaa uwanja." Mwaitu kwa simu anacheka mpaka anakohoa. Picha yenyewe haoni, anaona weupe weupe tu.

Kila Jumapili tulikuwa tunaongea. Kila Jumapili anauliza bata wake, na mimi najibu wako sawa.

Wale majike wa zamani wakaanza kupungua. Mmoja alichukuliwa na nguchiro akiwa juu ya mayai. Mwingine aligongwa na boda boda hapo nje. Akabaki mmoja, mzee. Mimi sikujali sana, si niko na tisa wa gredi?

Hao wa gredi wakaanza kutaga. Mayai madogo, kama ya kuku anayeanza. Nikasema watakomaa. Mmoja akaatamia, siku thelathini na tano, hakuna kitu. Nikasema labda baridi. Akaatamia mwingine, hakuna kitu. Baba Mwende akasema nilishika mayai na mikono ya sabuni. Jirani akasema kuna mtu ana jicho baya. Nikahamisha viota, nikabadilisha chakula, nikaomba.

Mara ya tatu, hakuna kitu! Mayai yalipasuka yenyewe, harufu ikafika barabarani.

Mjini kuna mama mmoja wa Kiislamu ninayenunua kwake nyuzi na vifungo, Mama Halima. Anafuga bata nyuma ya duka miaka mingi. Nikambebea mayai manne yaliyoatamiwa wiki mbili. Akaniingiza store yenye giza, akamulika moja moja kwa tochi ya simu.

"Mueni mwanangu, humu hamna kitu. Hao waliotaga, baba yao ni bata gani?"

"Pekin."

"Na mama yao?"

"Muscovy."

Akazima tochi. Akaniambia Muscovy ni ukoo wake peke yake, hawa bata wengine ni ukoo mwingine. Wakipandana watazaa, na watoto watakuwa wakubwa wazuri, lakini wale watoto hawazai. Kama mtoto wa punda na farasi. Mayai watakupa, kifaranga hutaona mpaka mwisho wa dunia.

Nilikaa juu ya mzigo wa vitambaa vya watu. Tisa hawazai, dume nimelila, na jike limebaki moja lisilo na mume wa ukoo wake.

Wiki hiyo hiyo dada anapiga simu kwa furaha. Jicho la pili limefanyiwa operesheni, limepona, mwaitu anakuja Jumamosi. "Ameongelea bata wake njia yote kutoka hospitali," akasema.

Nikaanza kutafuta dume la Muscovy kama mtu aliyepoteza kitambulisho. Kola nzima. Katangi. Nikachukua boda mpaka Masinga kwa sababu mtu aliniambia kuna mzee anao. Nafika, naangalia dume, uso una vinundu viwili tu vya kusingizia, mwili mweupe wa Pekin. Nusu nusu kama wangu! Mzee ananiambia kwa kiburi, "Nilipandisha na gredi." Haki ya Mungu nilitaka kulia hapo hapo.

Jumamosi ikafika bila dume. Baba Mwende naye akakumbuka ghafla ana kazi shambani. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali, hawezi kugombezwa na yeye. Kwa hivyo aliyechagua wa kuchinjwa akapumzika, na kila neno likabaki langu.

Mwaitu akashuka na miwani myeusi. Hakuingia hata nyumbani. Alienda moja kwa moja uwanjani, akavua miwani, akawahesabu wale tisa kwa kidole.

"Mueni, hawa ni wa nani?"

Nikamwambia yote. Dume, Krismasi, nguchiro, boda boda, mayai. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Hata mimi nilijaribu," akasema. "Wewe ukiwa darasa la tatu. Niliazima dume jeupe kwa mwalimu mmoja. Watoto wakanona hivi hivi. Hawakuzaa."

Nikaruka. "Sasa mwaitu, mbona hukuniambia?"

"Sasa mbona hukuniuliza? Si tulikuwa tunaongea kila Jumapili?"

Ni kweli, wakuu. Zaidi ya mwaka nimempigia. Nimemuuliza kama ametia dawa ya macho, kama amekula, kama presha iko chini. Nimeuliza watu mia nisiowajua, nimeuliza mzee wa Masinga, nimemsikiliza mpaka Baba Mwende. Aliyewafuga hao bata tangu sijui kusoma nilimfanya mgonjwa wa kupewa pole.

Kwa hivyo somo ndilo hilo. Pekin na Muscovy ukitaka nyama tu, changanya, utakula vizuri. Ukitaka ukoo uendelee, kila mmoja na dume lake na uwanja wake. Na kabla ya kuandikia group, angalia kama mwenye kujua yuko kwa simu yako tayari.

Yule jike mzee bado anataga. Mwenye dume la Muscovy safi, lisiloguswa na gredi, karibu na Machakos, aniambie. Na kama una swali lolote la bata, liweke hapa chini. Sitajibu mimi. Namsomea mwaitu, na yeye ndiye atajibu.