Salama Isiyo na Ila

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba mtu aliyetulia hahisi kitu. Nilijifundisha kutulia peke yangu, kwa video za kwenye simu, nikiwa nimekaa ukingoni mwa bafu katika nyumba ninayopanga na dada yangu hapa ughaibuni, mtaa wa Queensbury. Mwalimu wa kwenye video alisema tuitazame hofu mpaka ipite. Mimi nikaona kutazama hakutoshi, nikaikaba. Ikichomoza tena, naanza zoezi upya, maana la kwanza nimelifanya vibaya.

Nikawa hodari. Meneja wa duka la viatu ninakouza, kule Stratford, akinifokea, natabasamu tu. Halafu asubuhi moja dada akaniona nimekumbatia kikombe cha chai.

"Wewe! Hicho si cha moto?"

Kilikuwa cha moto. Vidole vimeiva, na mimi sina habari.

"Hujambo lakini wewe?"

"Salama tu, dada."

"Salama, halafu?"

"Salama."

Dada anatunza wazee, amewazoea watu wanaoficha maumivu. Akaweka kisu cha siagi chini. "Kwetu hata mwenye msiba huanza na salama, ndiyo adabu. Lakini baadaye anasema ila. Ila mtoto anaumwa. Ila mzee hatunaye. Ila yako iko wapi, mdogo wangu? Au umekuwa sanamu la dukani kwenu?"

Nilicheka. Kisha nikaitafuta kweli, kifuani, na kifua kilikuwa kimya kama chumba kilichohamwa.

Siku chache baadaye nilishtuka nimeshikwa koti kwa nyuma. Nilikuwa stesheni, nikienda kazini, nimeuvuka mstari wa manjano unaozuia abiria wasikaribie reli, na sikumbuki kuuvuka. Treni ilipita karibu na uso wangu. Mfanyakazi wa stesheni hakuliachia koti. Akaniuliza kama niko salama, na mdomo ukajibu ndiyo kabla sijafikiri.

Nikampigia dada.

"Salama," nikaanza, kama kawaida.

Aliingoja ila yangu.

"Ila naogopa."

"Kaa hapohapo. Nakuja."

Ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi cha tiba ninachohudhuria hadi leo, ambako hakuna anayenisahihisha. Bado treni ikikaribia nasimama mgongo ukiwa ukutani. Hofu haijaondoka. Kilichobadilika ni kwamba sasa naihisi, na namwambia dada.