Mkunga Aliyefunga Breki Mwenyewe

Miaka kumi na tisa kwenye zahanati ilikuwa imemfundisha mkunga huyu kunyamaza na kutega sikio. Na hilo sikio ndilo lililomkosesha raha wiki tatu mfululizo, kwa sababu gari lake lilikuwa linalia, na mume wake, fundi magari mwenye gereji na sifa tele mjini, alikuwa na jibu moja tu: kesho.

Kesho! Magari ya watu yalitoka gereji yakiwa matulivu, la mke wa fundi likisaga kama mtu anayetafuna changarawe. Wiki ya kwanza lilipiga mluzi kila akikanyaga breki. Ya pili likaanza kukwaruza. Ya tatu, jamani, hata mama mkwe wake, ambaye sikio la kushoto lilishamuaga, alitoka jikoni kuuliza nani anaburuta mabati. Na kila asubuhi mkunga alilazimika kulishusha mteremko wa nyumbani kwao, meno kayakaza.

Siku yake ya mapumziko, mume alipokwisha kuondoka, alivaa ovaroli kuukuu la mumewe, akalikunja miguu mara mbili, akatoka uani.

"Mwanangu, leo utagombana na mtu," mama mkwe alimwambia kutoka mlangoni. "Unamjua mumeo."

Alimjua sana. Bwana yule hakuamini kazi ya mkono mwingine. Gari likitoka kwa fundi mwenzake, hata aliyemfundisha yeye mwenyewe, lazima alifungue upya, nati baada ya nati. Nyumbani ndiyo usiseme: mkewe akitundika pazia, yeye atalishusha alitundike tena. Mkunga alikuwa anacheka tu. Lakini miaka yote hiyo alikuwa amemshikia tochi, na kula naye chakula kilichoungwa kwa habari za pedi za breki na pistoni, na kuambiwa, "Hata wewe unaweza." Leo akiifungua kazi yangu, aliapa, spana siigusi tena, na hayo maneno yake matamu akawaambie wengine.

Alianza kama anavyoanza kwa mgonjwa. Tangu lini? Upande gani? Ukikanyaga, au hata usipokanyaga? Alilitembeza gari polepole uani, vioo vyote chini. Likalia alipokanyaga tu, mbele, kushoto. Akaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akalegeza nati, akapiga jeki, akaliegemeza gari juu ya stendi na kulisukuma kwa bega kuona kama linacheza. Halikucheza. Akavuta gurudumu.

Pedi ya ndani ilikuwa imekwisha, chuma kinasugua chuma, na diski ina mifereji ya kuhesabika kwa ukucha. Pedi ya nje, pacha wake, ilikuwa bado nene.

Mwingine hapo angekimbilia duka la spea. Yeye alikaa juu ya ndoo akawaza. Mapacha hawa wanafanya kazi moja. Mbona mmoja kakonda na mwenzake kanona? Akashika kalipa, lile dude linalozibana pedi kwenye diski, akalisukuma kwa nguvu. Wapi! Hilo hutelezea juu ya pini mbili. Ya juu iliteleza vizuri. Ya chini ilikuwa imeshika kutu, imeganda, hivyo pedi ya ndani peke yake ndiyo ilibeba breki yote. Kumbe pedi ilikuwa inateswa bure, mkorofi ni pini! Alicheka peke yake mpaka mama mkwe akachungulia.

"Shemeji, fundi kakutuma?" mwenye duka la spea aliuliza, akilitazama lile ovaroli.

"Nimejituma."

Alirudi kwa miguu na diski mbili na pedi za pande zote mbili, maana breki hubadilishwa kwa jozi. Pini aliisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, akaipaka grisi, akaisukuma kwa kidole kimoja; ikaenda, ikarudi. Kalipa aliitundika kwa waya ili mpira wa mafuta ya breki usibebe uzito. Pistoni, ile inayosukuma pedi, akairudisha ndani taratibu. Kufika saa saba mchana, kulia na kushoto kumefungwa na gari liko chini.

Akawasha, akakanyaga. Pedeli ikazama mpaka sakafuni!  Kisha akakumbuka: pistoni ikisharudishwa, pampu kwanza kabla hujaenda popote. Akapampu mara tatu, nne, tano. Pedeli ikapanda, ikawa ngumu chini ya mguu.

Hapo mume akaingia, amekuja kula. Aliona stendi, aliona ovaroli lake.

"Nani kafanya?"

"Mimi."

Aliokota zile pedi mbili za kushoto, nyembamba na nene, akazilinganisha. "Umebadilisha pedi tu?"

"Pini ya chini iliganda kwa kutu. Nimeisafisha na kuitia grisi. Pini za kulia zilikuwa nzima, nazo nimezipaka."

 Akachukua spana, akachuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto, akaivika kwenye nati ya kwanza. Mkunga alihisi machozi ya hasira yanapanda. Mama mkwe akashika kiuno.

Mume akazigeukia tena zile pedi mbili. Kisha akaichomoa spana, akaitupia kwenye buti la gari.

"Mama," aliita, "vaa viatu. Tunashuka bondeni mara moja. Kaa mbele."

Gari likatoka getini. Mkunga aliwafuata mbio mpaka katikati ya njia. Aliliona likishika mteremko, likiongeza mwendo, likiikaribia kona ya chini. Taa nyekundu zikawaka. Alitega sikio lake lote: kimya.

Mtu asiyeamini mkono wa mtu alikuwa amemweka mama yake mzazi kiti cha mbele, juu ya breki za mkewe. Mkunga alisimama palepale, mikono myeusi, analia na kucheka kwa pamoja, na jirani aliyekuwa anapita alipomuuliza kulikoni, alilinyooshea kidole gari lililokuwa linapanda kurudi.

"Breki zile," alisema, "nimefunga mimi."