Mikono Chini ya Kanga

Mwantumu alipatwa na wivu siku aliyosikia kwamba binti wa Ally, fundi cherehani wa Majengo, atapakwa piko la harusi. Tena na nani? Na Adija, kale kabinti kalikoolewa juzijuzi tu na Rajabu, kapangaji ka chumba cha tatu, nyumba hiyohiyo anayokaa Mwantumu.

Tangu Uhuru, mabibi harusi wa Majengo walikuwa wake. Mhina wake ulikuwa kule Rau, nyuma ya nyumba ya dada yake. Majani aliyachuma mwenyewe, akayaanika kivulini, akayatwanga na kuyachekecha, kisha akayakanda kwa ndimu na chai ya rangi. Alikanda kwa vidole, maana alisema hina isiyokandwa kwa vidole haikolei. Na kabla ya kumchora mtu alimpaka tone nyuma ya sikio, akamwambia arudi kesho. Adija mwenyewe alipoolewa alipakwa tone hilo, akauliza ni la nini.

"Ngozi yako siijui," Mwantumu alimjibu. "Tusubiri tuone kama itakuwasha."

Lakini hina hukaa usiku kucha ndipo ikolee, na hutoka nyekundu. Piko la Adija lilikauka mtu akinywa chai, likatoka jeusi tititi. Alilitengeneza kwa kanta, ule unga wa kupaka mvi, kopo lililoletwa kutoka Mombasa. Wasichana wakapagawa. Walipita mlangoni kwa Mwantumu, "Shikamoo, Bi Mwantumu," hao, chumba cha tatu. Marahaba aliiitikia migongo yao. Akawa hali akashiba.

"Kumbe ni unga tu," alijiambia. "Nami nikiujua, tuone nani atamfuata yule."

Jumanne Adija alipokwenda gengeni, Mwantumu aliingia chumbani kwake, akachota kanta kwenye kipande cha gazeti. Akajifungia kwake, akaukanda ule unga kwa vidole kama alivyozoea. Tone la nyuma ya sikio hakulikumbuka, au alilikumbuka akaona litamchelewesha. Akajichora ua zima kwenye mkono wa kushoto. Likapendeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, na lile ua limetoka malengelenge. Akajifunika kanga, akasema ana homa. Ndani ya homa hiyo ya uongo likamjia wazo la kumfariji: kama kanta imemfanya hivi yeye, binti wa Ally itamfanyaje? Angewaonya, wangemuuliza amejuaje. Akanyamaza. Na tuseme ukweli, alianza kuisubiri harusi kwa hamu.

Alhamisi mchana Adija akabisha hodi, mama wa bibi harusi nyuma yake.

"Shikamoo, Bi Mwantumu. Pole na homa. Tumekuja kukuomba ukamchore binti hina."

"Si mna piko?"

"Juzi nilimpaka tone nyuma ya sikio, kama ulivyonifanyia mimi. Kila ninayempaka namjaribu hivyo. Leo pamevimba, siwezi kumpaka. Sikio la pili nilimpaka ile hina uliyonipa sikukuu, haikumfanya kitu."

"Inuka basi, dada," mama wa bibi harusi akasema. "Tutakubeba na homa yako."

Mwantumu hakuinuka. Yule mama akadhani anaringa, akainama amshike mkono, ambembeleze. Kanga ikateleza. Adija akaitazama ile mikono, akaitambua rangi yake.

"Kanta haishikwi kwa vidole, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Natumia kijiti. Ungeniuliza."

Jioni ile Mwantumu alikaa mkekani, mikono imefungwa vitambaa, akielekeza: ongeza chai, kanda tena, shuka na kidole. Adija akakanda, akachora. Mistari yake ilikuwa myembamba kuliko yote aliyowahi kuchora Mwantumu, na aliiona vizuri, maana hakuwa na kazi nyingine.

Ijumaa bibi harusi akatolewa, mikono myekundu imekolea.

"Nani kamchora?" akauliza mgeni mmoja.

"Adija," akajibu mama wa bibi harusi. "Siku hizi hata hina anapaka yeye."

Adija alianza kusema kwamba hina ni ya Bi Mwantumu, yeye alielekezwa tu, lakini vigelegele vikamfunika. Wanawake wote wakampigia makofi. Mwantumu naye angepiga, watu wasiseme, ila mikono ilikuwa haijapona.